Van Leeuwenhoek: Muuza vitambaa aliyefichua siri ya ukoga wa meno

MNAMO Septemba 17, 1683, mfanyabiashara mmoja wa mji wa Delft, Uholanzi, aliwaandikia barua wanasayansi wa London. Sehemu ya barua hiyo ilihusu jambo ambalo wengi huona haya kulitaja hadharani: uchafu aliouchokoa katikati ya meno yake mwenyewe.

Mtu huyo, Antonie van Leeuwenhoek, hakuwa daktari wala hakuwahi kusomea chuo kikuu. Hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wa Ulaya wa enzi hizo, na barua zake zote aliziandika kwa Kiholanzi cha sokoni.

Hata hivyo, barua hiyo ndiyo iliyobeba maelezo na michoro ya kwanza inayojulikana ya bakteria wa kinywani. Ndani yake mna pia majaribio machache ambayo, zaidi ya karne tatu baadaye, yangali yanaeleza vyema kuliko mahubiri mengi kwa nini binadamu hana budi kusafisha meno kila siku, na kwa nini kusukutua pekee hakutoshi.

Mwana wa msusi wa vikapu

Van Leeuwenhoek alizaliwa Delft mnamo Oktoba 24, 1632. Babake, Philips, alikuwa msusi wa vikapu, naye mamake, Margaretha, alitoka katika jamaa ya watengenezaji wa bia. Baba alifariki mwanawe angali mtoto mdogo. Mama aliolewa tena, na Antonie akapelekwa shuleni katika mji wa Warmond, kisha akaishi kwa muda na jamaa yake katika kijiji cha Benthuizen.

Alipotimu umri wa miaka 16 alipelekwa Amsterdam kujifunza biashara ya vitambaa. Mnamo 1654 alirejea Delft, akamwoa Barbara de Mey na kufungua duka lake.

Maisha ya nyumbani hayakuwa mepesi. Kati ya watoto watano aliojaliwa na Barbara, ni binti mmoja tu, Maria, aliyeishi hadi utu uzima. Barbara mwenyewe alifariki mnamo 1666. Miaka mitano baadaye Van Leeuwenhoek alimwoa Cornelia Swalmius, ambaye pia alimtangulia kaburini mnamo 1694. Maria hakuolewa, na ndiye aliyemtunza babake hadi mwisho.

Mjini alikuwa mtu wa kuaminika. Mnamo 1660 aliajiriwa kusimamia ukumbi wa mahakimu wa mji, na mnamo 1669 akafuzu kuwa mpima ardhi. Mchoraji mashuhuri Johannes Vermeer alipofariki akiwa na madeni mengi, ni Van Leeuwenhoek aliyeteuliwa mnamo 1676 kusimamia mali aliyoacha.

Kioo cha dukani

Wauza vitambaa wa zama zile walitumia vioo vya kukuzia ili kukagua nyuzi na kutambua ubora wa bidhaa. Van Leeuwenhoek hakuridhika na vioo hivyo. Alianza kutengeneza lenzi zake mwenyewe, ndogo mno, ambazo aliziweka katikati ya mabamba mawili ya chuma, mengi yakiwa ya shaba. Kitu cha kuchunguzwa kiliwekwa kwenye ncha ya sindano, na mtazamaji akakisogeza kifaa hadi karibu kabisa na jicho lake.

Hadubini hizo zilikuwa ndogo kuliko kiganja cha mkono, lakini nguvu zake zilishinda nyingi zilizokuwa zikitumiwa na wasomi. Katika zile chache zilizosalia, bora zaidi hukuza kitu kwa zaidi ya mara 260. Katika maisha yake alitengeneza mamia ya lenzi, na siri ya kutengeneza zile bora hakumfichulia mtu.

Mnamo 1673, daktari Reinier de Graaf wa Delft aliiandikia Royal Society, chama cha wanasayansi kilichoanzishwa London mnamo 1660, akakijulisha kuhusu kipaji cha jirani yake. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa mawasiliano yaliyodumu kwa takribani miaka 50.

Wanasayansi wamtilia shaka

Mnamo 1674 Van Leeuwenhoek alitazama maji ya ziwa lililokuwa karibu na Delft, akaona viumbe wadogo ajabu wakiogelea. Miaka miwili baadaye, katika barua ya Oktoba 1676, alieleza kwamba katika maji aliyorowekea pilipili manga ameona viumbe wadogo zaidi, ambao leo twatambua kwamba baadhi yao walikuwa bakteria. Yeye aliwaita tu wanyama wadogo.

London haikumsadiki mara moja. Ingewezekanaje tone la maji kubeba maelfu ya viumbe hai ambao hakuna aliyewahi kuwaona tangu dunia iumbwe? Van Leeuwenhoek aliwaalika watu wa heshima wa mji wake, wakiwemo makasisi, watazame kwa macho yao na kutoa ushahidi kwa maandishi. Mnamo Novemba 1677 mwanasayansi Robert Hooke alifaulu kuwaona viumbe hao na kuwaonyesha wenzake wa Royal Society. Shaka ikaisha. Mnamo 1680 chama hicho kilimpokea muuza vitambaa huyo kuwa mwanachama kamili, ingawa hakuwahi kuhudhuria hata kikao kimoja.

Hiyo ndiyo hadhi aliyokuwa nayo alipoamua, miaka mitatu baadaye, kuielekeza hadubini kwenye kinywa chake.

Aliyejivunia meno yake

Mswaki wa nywele haukuwa umeenea Ulaya wakati huo, na watu wengi waliyaacha meno yao bila kuyashughulikia hadi yalipowauma. Van Leeuwenhoek hakuwa mmoja wao. Alieleza kwamba kila asubuhi aliyasugua meno kwa chumvi, kisha akasukutua kwa maji. Baada ya kula, mara nyingi aliyachokoa magego kwa kijiti na kuyasugua kwa nguvu kwa kitambaa.

Aliona fahari kwamba meno yake yalikuwa safi na meupe kuliko ya watu wengi wa rika lake, na kwamba fizi zake hazikutoa damu hata aliposugua kwa chumvi ngumu. Alikuwa akikaribia kutimiza miaka 51.

Pamoja na bidii hiyo yote, alipojitazama kwa kioo cha kukuzia aliona kitu cheupe, kizito kama unga uliokorogwa kwa maji, kimejibana katikati ya baadhi ya meno. Huo ni ukoga. Aliutoa kidogo, akauchanganya na maji safi ya mvua, na mara nyingine na mate, kisha akauweka chini ya hadubini.

Alichokiona kilimshangaza. Palikuwa na viumbe wengi walio hai. Baadhi walipita majini kwa kasi kama samaki anayewinda. Wengine walizunguka kama pia. Wengine, wadogo zaidi, walirukaruka pamoja kama kundi la visubi. Alipoyachunguza mate matupu hakuwaona. Makao yao yalikuwa ule ukoga.

Alikadiria kwamba idadi ya viumbe aliokuwa nao kinywani ilizidi idadi ya watu wote wa Uholanzi, nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni mbili. Makadirio hayo yaliyoonekana kama mzaha yalikuwa ya chini. Leo inafahamika kwamba miligramu moja tu ya ukoga huweza kubeba bakteria wapatao milioni 100.

Wazee wawili

Van Leeuwenhoek hakutaka kuhukumu kwa kinywa kimoja. Alichukua ukoga wa wanawake wawili waliozoea kuosha vinywa vyao kila siku, ambao inadhaniwa walikuwa mkewe na bintiye. Alichukua pia wa mtoto wa miaka minane hivi. Wote walikuwa na viumbe wale wale.

Kisha akamwendea mzee mmoja ambaye maishani mwake hakuwahi kusafisha meno. Katika ukoga wake alikuta umati wa viumbe usio na kifani, wakiogelea kwa wepesi kuliko wote aliokuwa ameona hadi siku hiyo. Tone zima la maji lilionekana kana kwamba lina uhai.

Mzee wa pili alikuwa na mazoea ya kunywa pombe kali asubuhi, kisha mvinyo na tumbaku adhuhuri. Meno yake yalikuwa machafu kupindukia. Alipoulizwa iwapo huwa anaosha kinywa, alijibu kwamba hajawahi kukiosha kwa maji, ila hukisuuza kila siku kwa mvinyo na pombe. Van Leeuwenhoek alitaka kujua kama viumbe wale wangeweza kustahimili ulevi wa namna hiyo.

Katika ukoga wa juu ya meno ya mbele, ambako pombe ilipita kila siku, aliwapata wachache tu. Lakini katikati ya meno, mahali ambapo kinywaji hakikupenya, walikuwa tele.

Siki na kahawa ya moto

Tokeo hilo lilimfanya ajaribu jambo jingine. Alisukutua kwa siki kali, kisha akauchunguza tena ukoga wa katikati ya meno yake. Viumbe walikuwa wangali hai. Lakini alipouchanganya ukoga na siki moja kwa moja nje ya kinywa, walikufa papo hapo.

Alihitimisha kwamba siki ina uwezo wa kuwaua, ila ikiwa kinywani haipenyi hadi ndani ya ukoga wenyewe. Waliokufa ni wale wa juu tu.

Miaka kadhaa baadaye, katika barua ya 1692, alirudia uchunguzi huo. Safari hii hakupata viumbe hai katika ukoga wa meno ya mbele. Akakumbuka kwamba alikuwa na desturi ya kunywa kahawa ya moto kila asubuhi, akashuku kwamba joto lake ndilo lililowaua. Hakuishia hapo. Alichukua ukoga wa magego ya nyuma, ambako kahawa haikufika ikiwa na joto lile lile, na huko akawakuta wakiwa wazima.

Pombe, siki na kahawa zilimpa jibu moja. Ukoga hujikinga kwa unene wake na hujificha mahali pembamba. Usipofikiwa na kitu cha kuusugua na kuuondoa, hubaki mahali pake.

Mdudu wa jino

Kwa karne nyingi watu wa mataifa mengi, kuanzia Babeli hadi Uchina na Ulaya, waliamini kwamba jino hutoboka kwa sababu ndani yake mna funza anayelitafuna. Hata kwetu, mtu akitoboka jino husemwa kwamba limeliwa na wadudu.

Karibu na mwaka 1700 Van Leeuwenhoek alipelekewa funza waliodaiwa kutolewa katika jino bovu kwa kufukizwa moshi. Aliwachunguza, akawalinganisha na funza wa jibini iliyooza, akagundua kwamba ni wale wale. Aliona kwamba mgonjwa lazima alikuwa amekula jibini yenye mayai ya nzi. Funza wa jino hakuwapo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba mtu huyo huyo aliyeukanusha uzushi wa funza ndiye aliyekuwa amewaona wahusika halisi, wadogo mara maelfu. Hakuwashuku. Katika barua zake za ukoga hakudai kwamba viumbe wale ndio wanaotoboa meno. Aliwaona, akawachora, akawaeleza na kuishia hapo.

Siku za mwisho

Umaarufu ulimletea wageni wengi mlangoni. Mnamo 1698 mtawala wa Urusi, Peter Mkuu, alipokuwa ziarani Uholanzi, alikutana naye na kuonyeshwa jinsi damu inavyopita katika mkia wa mkunga.

Van Leeuwenhoek aliendelea kuandika hadi uzeeni. Alipopatwa na ugonjwa uliokuwa ukimshtua misuli ya kifua, aliueleza kwa makini kama alivyoeleza ukoga. Alifariki mjini Delft mnamo Agosti 26, 1723, akiwa na umri wa miaka 90, na kuzikwa katika kanisa la Oude Kerk.

Alikuwa ameiachia Royal Society hadubini 26 za fedha, ambazo Maria alizituma London. Baadaye zilipotea. Maria alifariki mnamo 1745, na miaka miwili baadaye mamia ya hadubini na lenzi zilizobaki nyumbani zikapigwa mnada. Zinazojulikana leo duniani ni chache mno. Kwa kuwa hakuwa amemfundisha yeyote ufundi wake, ilipita zaidi ya karne moja kabla ya uchunguzi wa bakteria kushika kasi tena.

Jibu lililochelewa

Kiungo alichokikosa Van Leeuwenhoek kilipatikana mnamo 1890. Willoughby Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya utafiti Berlin, Ujerumani, alichapisha kitabu kuhusu vijidudu vya kinywani. Alionyesha kwamba bakteria hao hula sukari na vyakula vya wanga vinavyobaki kinywani, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha taratibu tabaka gumu la nje la jino hadi likatoboka.

Kuhusu fizi, ushahidi ulikuja mnamo 1965. Harald Løe na wenzake mjini Aarhus, Denmark, waliwaomba watu 12 wenye fizi nzuri waache kabisa kusafisha meno. Ukoga ulirundikana, na katika muda wa siku 10 hadi 21 wote walikuwa wamevimba fizi. Waliporejelea kusafisha, fizi zikapona katika muda wa wiki moja hivi.

Hapo ndipo fahari ya Van Leeuwenhoek kuhusu fizi zisizotoka damu ilipopata maelezo. Hakuwa amewamaliza viumbe wa kinywani mwake, na hakuna awezaye. Alichofanya ni kuuondoa ukoga kila siku kabla haujakomaa.

Somo kwa msomaji wa leo

Kulingana na ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya 2022, magonjwa ya kinywa yanawaathiri watu karibu bilioni 3.5. Mengi yake yangeweza kuzuiwa. Ukoga ukiachwa hugeuka mgumu kama chokaa, na hapo mswaki hauwezi tena kuubandua. Ni mhudumu wa meno pekee mwenye vifaa vya kazi hiyo. Uvimbe wa fizi ukipuuzwa huweza kushuka hadi kwenye mfupa unaoshikilia meno, yakalegea na kung'oka yakiwa hayana hata tundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wataalamu hushauri meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku, kwa muda wa dakika mbili kila mara, na mara moja iwe kabla ya kulala. Usiku mate hupungua, na bakteria hupata nafasi ya kufanya kazi yao bila kuoshwa. Mswaki uwe laini na ufike pale fizi zinapokutana na meno, upande wa ndani na kwenye magego ya mwisho. Katikati ya meno, alikowakuta viumbe wake wengi, pasafishwe kwa uzi maalumu au mswaki mwembamba wa kazi hiyo.

Chumvi aliyoitumia Van Leeuwenhoek haina haja leo. Chembe ngumu, iwe ni chumvi, mkaa au majivu, zikisuguliwa kwa nguvu kila siku huweza kulikwaruza jino. Badala yake kuna dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoliimarisha jino dhidi ya asidi. Madini hayo yakizidi katika maji ya kunywa, kama ilivyo katika baadhi ya sehemu za Bonde la Ufa, huacha madoa ya hudhurungi kwenye meno ya watoto yanapokuwa yakiota. Ndiyo maana mtoto mdogo hutiliwa dawa kidogo tu, kiasi cha punje ya mchele kabla ya kufikisha miaka mitatu, na kufundishwa kutema.

Wanaotumia kijiti cha mti wa mswaki, ambao jina lake ndilo lililohamia kwenye kifaa cha plastiki, nao hawajakosea. Kijiti kikitafunwa hadi nyuzi zake zilainike huondoa ukoga vizuri, mradi kisiishie kwenye meno ya mbele yanayoonekana mtu anapotabasamu.

Kuna kosa moja linalowagharimu wengi meno yao. Mtu akiona damu anapopiga mswaki, huogopa na kuacha. Kumbe mara nyingi damu hiyo ni dalili ya ukoga uliokaa, na kuacha kusafisha ni kuuongezea muda. Apige mswaki kwa upole bila kukatiza, na damu isipokoma katika muda wa wiki mbili amwone daktari wa meno.

Chai ya moto, kileo au dawa ya kusukutua haviwezi kushika nafasi ya mswaki. Muuza vitambaa wa Delft alivijaribu vya kwake kinywani mwake, na kila mara alipoutazama ukoga wa sehemu zilizofichika, wale viumbe walikuwa wangali hai.